Maswali ya Wasomaji: Nilimvika Taji, Naye Akaniacha

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu michezo ya video inayochanganya siasa na mapenzi, yaani ile ambayo mchezaji huongoza nchi au jeshi, hupatanisha mabwana wanaogombana, na wakati huohuo huchagua mtu wa kumpenda. Barua zilizofuata zilikuwa kali kuliko makala yenyewe. Nimechagua sita na kuzifupisha pale zilipojirudia. Msomaji ambaye hajamaliza michezo inayotajwa ajue mapema kwamba miisho yake inajadiliwa hapa bila kificho.

Ndugu Mhariri, nilicheza Dragon Age: Origins nikiwa mwanamke Mwelfi, yaani wa jamii ya kubuni yenye masikio yaliyochongoka, na kwa saa nyingi nilimpenda Alistair, askari mcheshi wa kikosi changu ambaye hakutaka makuu. Nilimsaidia katika kila jambo na kumtetea mbele ya mabwana wa Ferelden, nchi ya mchezo huo, hadi akatawazwa kuwa mfalme. Muda mfupi baadaye akaniambia kwamba uhusiano wetu hauwezi kuendelea. Sikukosea jibu hata moja katika mazungumzo yetu. Je, huu si udanganyifu wa watengenezaji?
— *Niliyemvika Taji*

Dada Uliyemvika Taji, pole sana, na ujue kwamba hauko peke yako, kwa kuwa mchezo huu ulitoka mwaka 2009 na kilio chako ni cha zamani kama mchezo wenyewe. Ni kweli kwamba hukukosea jibu. Kilichobadilika ni cheo cha mpenzi wako, na cheo hicho ulimpa wewe.

Origins humpa mchezaji asili 6 za kuchagua mwanzoni, na miongoni mwake ni moja tu, ile ya binadamu wa ukoo wa kikabaila, inayomwezesha mwanamke kupendekezwa kuwa malkia kando ya Alistair. Wengine wote, wawe Waelfi, vibeti au wachawi, huambiwa kwamba mfalme anahitaji mrithi, kwamba walinzi wa kikosi chenu hupata watoto kwa shida kubwa, na kwamba nchi haitamkubali mtu wa namna yao kwenye kiti cha enzi. Ukitazama nyuma utaona kwamba mchezo haukuficha jambo hilo. Ni katika nchi hiyohiyo ambamo Waelfi wa mjini huishi katika mtaa uliozungushiwa ukuta na kufanya kazi za utumishi, na ulipita humo mwenyewe kabla ya kufika kwenye baraza la mabwana. Uliiona dhuluma hiyo ikiwapata wengine, halafu ukadhani kwamba mapenzi yatakuvusha wewe peke yako.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mchezo huu unapowazidi wengi waliouiga, kwa sababu kuachwa kwako kunatokana na sheria na desturi za nchi uliyoshiriki kuijenga upya, ambazo hakuna kitufe cha kuzibembeleza. Wapo mashabiki wanaosema kwamba mchezo umewaadhibu kwa kuchagua umbo la masikio, na sina la kuwapinga isipokuwa kwamba adhabu hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Ungeweza kumwacha Anora, mjane wa mfalme aliyetangulia, atawale peke yake, na Alistair abaki askari, nawe ungebaki naye. Ulidhani unampa zawadi, ilhali yeye mwenyewe alikwisha kukuambia zaidi ya mara moja kwamba haitaki.

Hata hivyo, malalamiko ya mashabiki yana msingi katika jambo moja. Kuna mazungumzo ya katikati ya mchezo, baada ya Alistair kukutana na dada yake Goldanna na kupokewa vibaya, ambapo mchezaji anaweza kumfariji au kumwambia kwamba kila mtu hujitafutia yake. Jibu hilo la pili humfanya awe mgumu wa moyo, na Alistair aliyekuwa mgumu anaweza kushawishika kuendelea nawe kwa siri hata baada ya kutawazwa. Hakuna dalili yoyote, wakati huo, kwamba maneno machache ya kumliwaza mtu aliyehuzunika yataamua hatima yenu miezi kadhaa baadaye. Bei ya taji ulionyeshwa, lakini bei ya faraja hukuonyeshwa. Malalamiko yako ukiyaelekeza huko, nitayatia saini.

Mhariri, mbona katika michezo hii mtu hupendwa kwa kugawa zawadi? Nilimpa mwenzangu wa safari mchezoni vito na vitabu hadi akanipenda, ingawa nilikuwa nikipinga kila jambo analoliamini. Nilijisikia kama mfanyabiashara.
— *Mwenye Mkoba Mtupu*

Hisia yako ni sahihi. Origins hupima kukubalika kwako kwa kila mwenzako kwa mizani inayoanzia hasi 100 hadi 100, na zawadi huongeza alama, ingawa thamani yake hupungua kadiri unavyozidi kuzitoa. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anaweza kufanya uamuzi wa kisiasa unaomchukiza mwenzake, kisha akaufuta kwa kipande cha dhahabu alichokiokota njiani. Siasa inageuka kuwa gharama ndogo tu kwenye daftari la mapenzi.

Waundaji wenyewe waliliona tatizo hilo. Katika Dragon Age II ya mwaka 2011 waliweka mizani yenye ncha mbili, urafiki upande mmoja na upinzani upande wa pili, na mapenzi yakaweza kukua kwenye ncha yoyote. Ukimpenda Anders, mchawi anayepigania uhuru wa wachawi wa jiji la Kirkwall, unaweza kumpenda ukiwa unampinga mwanzo hadi mwisho, naye akakupenda vivyo hivyo. Kisha analipua kanisa la jiji, na mchezo unakuweka mbele yake uamue kama utamuua, utamfukuza au utabaki naye. Mashabiki wengi hawakumsamehe, na wengine hawakuwasamehe waandishi, lakini sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba uamuzi ule ulikuwa rahisi au kwamba zawadi ingeutatua. Katika mchezo wa tatu, Dragon Age: Inquisition wa mwaka 2014, namba zilifichwa kabisa, na mchezaji akalazimika kusoma sauti na macho ya mwenzake. Mimi napendelea namba zifichwe, ingawa najua wasomaji wanaopenda hesabu wataniandikia tena.

Ndugu Mhariri, tuko marafiki wanne na tumegawanyika kwa sababu ya Fire Emblem: Three Houses. Mimi nilichagua nyumba ya Edelgard na kuishia kuwa mwenzi wake. Rafiki yangu aliyecheza upande wa Dimitri ananiita mtetezi wa mvamizi. Je, kumpenda mhusika ni kuunga mkono siasa zake?
— *Tai Mweusi*

Ndugu Tai Mweusi, mgogoro wenu ulipangwa na walioutengeneza mchezo, na ninyi wanne mmeutekeleza kama ulivyokusudiwa.

Three Houses ilitoka Julai 2019, na tangu hapo sijaona mchezo wa aina hii ulioendeleza ubishi kwa muda mrefu namna hiyo. Bara la Fódlan limegawanyika kati ya dola, ufalme na muungano wa makabaila, na warithi wa pande hizo tatu, Edelgard, Dimitri na Claude, wanasoma katika chuo kimoja chini ya kanisa. Mchezaji, akiwa mwalimu aitwaye Byleth, huchagua nyumba, yaani kundi la wanafunzi, ya kufundisha mapema mno, kabla hajajua lolote kuhusu siasa za bara hilo. Anachagua kwa sura, kwa namna ya kuzungumza, pengine kwa rangi ya bendera. Kisha anakula mezani na wanafunzi wale, anakunywa nao chai, anawarudishia vitu walivyopoteza, na uhusiano unapanda daraja kwa daraja. Ni baada ya hayo yote ndipo Edelgard anapotangaza vita dhidi ya kanisa, miaka 5 inapita, na waliokuwa wakila pamoja wanakutana tena uwanjani wakiwa maadui.

Angalia mpangilio huo: uaminifu umetangulizwa na ujuzi ukacheleweshwa. Kufikia siku ambayo unaambiwa ni nini hasa anachokitaka mtu wako, umekwisha kuwa wake. Zaidi ya hapo, kila njia ya hadithi humwonyesha kiongozi wa upande mwingine kutoka nje tu. Katika njia ya Dimitri, Edelgard ni adui anayenyooshewa mkono na kuukataa, na katika njia yako, Dimitri anakufa akimlaani. Kwa hiyo mnapobishana, rafiki yako anazungumzia mwanamke ambaye wewe hujamwona, nawe unazungumzia mwanaume ambaye yeye hamjui.

Hoja ya Edelgard ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Jamii yao inapima thamani ya mtu kwa alama ya damu anayozaliwa nayo, na yeye mwenyewe ni manusura wa majaribio yaliyowaangamiza ndugu zake ili yeye apandikizwe alama ya pili. Anataka kuvunja mfumo uliomfanya hivyo. Lakini anafanya hivyo akishirikiana na watu walewale waliofanya majaribio hayo, na anaanzisha vita ambayo wanaokufa kwanza ni watu wasio na alama yoyote ya damu. Mashabiki wake hulitaja la kwanza, wapinzani wake hulitaja la pili, na kila upande hudhani kwamba mwenzake hajalisoma. Vivyo hivyo kwa Dimitri: baada ya miaka ile 5 anarudi akiwa anasikia sauti za wafu na kuua kwa ukatili unaotisha, na mashabiki wake wanamsamehe kwa sababu wamekaa naye hadi alipopona. Wote mnasamehe kwa kipimo kimoja, yaani muda mliokaa na mtu.

Claude, kiongozi wa tatu, hupendwa na karibu kila mtu na hubishaniwa na wachache, jambo ambalo nadhani ni udhaifu. Njia yake inahamisha vita kutoka kwenye siasa na kuipeleka kwa adui wa kale aliyefufuka, na sehemu kubwa ya sura zake inafanana mno na ile njia ya nne, ya kanisa. Ndoto yake ya kufungua mipaka ilistahili kupingwa na mtu mwenye hoja, akiwa hai. Nawe usijivune, kwa sababu njia ya Edelgard ni fupi kuliko nyingine, na vita vyake dhidi ya washirika wake waovu vimeachiwa mistari michache ya maandishi mwishoni. Hilo ni deni ambalo watengenezaji hawakulilipa.

Sasa nijibu swali lenyewe. Kumpenda mhusika si kumpigia kura, na anayekuita mtetezi wa mvamizi anachanganya mambo mawili. Lakini Three Houses ni mchezo, na katika mchezo hukukaa ukamtazama Edelgard akipigana, bali wewe ndiye uliyepanga askari wake, ukachagua nani ashambulie mji upi. Ulimpenda, na pia ulitia saini amri zake. Rafiki yako naye alitia saini za Dimitri. Ushauri wangu ni kwamba mbadilishane njia kabla ya kukutana tena, na asiyekubali kubadilishana asiruhusiwe kusema.

Mhariri, naipenda Dragon Age: Inquisition lakini siipendi ile karamu ya kasri. Nilitaka kucheza dansi na kula njama, badala yake nilikimbia huku na huko nikitafuta sanamu huku kengele ikinipigia.
— *Viatu Vimeniuma*

Karamu ya kasri la majira ya baridi huko Halamshiral ina wazo zuri na miguu mibovu. Malkia Celene, binamu yake Gaspard anayekitaka kiti chake, na Briala, Mwelfi aliyewahi kuwa mpenzi wa Celene, wote wako chini ya paa moja, na mchezaji anapimwa kwa alama za kukubalika na watu wa baraza. Alama hizo huanza kwa viwango tofauti: binadamu wa kikabaila hupokewa vizuri, na Mwelfi au mchawi huanza akiwa nyuma kabla hajafungua mdomo. Hapo siasa imeingia ndani ya kanuni za mchezo, nasi tunapaswa kuisifu. Ila kengele inayokurudisha ukumbini, na alama zinazopungua kila unapokaa sehemu zilizokatazwa, ambako ushahidi mwingi umefichwa, humfanya mchezaji aitazame saa badala ya kuwatazama watu.

Lakini jiulize kwa nini mashabiki wanaolalamika kama wewe bado huirudia karamu hiyo. Ni kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwisho wake una sura kadhaa, na mmojawapo unamwezesha mchezaji kuwapatanisha Celene na Briala, mapenzi yaliyovunjwa na siasa yakarudishwa na siasa. Celene aliuchoma mtaa wa Waelfi ili kulinda kiti chake, na ndiyo maana wengine huuona upatanisho huo kuwa mtamu na wengine huuona kuwa wa aibu. La pili ni dansi fupi kwenye roshani, baada ya yote kumalizika, kati yako na yule unayempenda. Dansi hiyo haina alama hata moja, haifungui mlango wowote, na hakuna anayeitazama. Baada ya usiku mzima wa kuhesabiwa, mtu hupumua.

Ndugu Mhariri, kwa nini wahusika wengine hukataa kupendwa na wachezaji fulani? Je, si haki zaidi kila mhusika apendwe na yeyote?
— *Mlango Umefungwa*

Zipo njia mbili, na kila moja ina hasara yake. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 iliwafanya wenzako wakuu wapendeke na mchezaji wa jinsia yoyote, na mashabiki walifurahi, ingawa mwanzoni hitilafu katika alama iliwafanya baadhi ya wahusika kuwa na haraka ya mapenzi isiyo na staha, hadi ikabidi irekebishwe. Inquisition ilifanya kinyume: Solas, mmoja wa wenzako wa safari, humpenda mwanamke Mwelfi pekee, na jambo hilo lina mantiki, kwa sababu siri yake yote inahusu watu wa damu hiyo na yale aliyowatendea. Mlango uliofungwa kwa sababu inayotoka ndani ya hadithi, mimi nauheshimu.

Mlango uliofungwa bila sababu ni jambo jingine. Katika Three Houses, Edelgard anaweza kuwa mwenzi wa Byleth wa jinsia yoyote, ilhali Dimitri na Claude hawampokei ila Byleth mwanamke, na hakuna neno lolote katika siasa za Fódlan linaloeleza tofauti hiyo. Mashabiki waliolalamika walikuwa wakiuliza kwa nini, na hadithi haikuwa na jibu la kuwapa.

Mhariri, je, watengenezaji wawasikilize mashabiki?
— *Sauti ya Wengi*

Wakati mwingine. Garrus na Tali, wenzake mchezaji wa safari, hawakuweza kupendwa katika Mass Effect ya mwaka 2007; mashabiki waliwadai, na katika mchezo wa pili, mwaka 2010, wakapewa. Dai hilo lilizaa jambo ambalo huenda walioliomba hawakulitarajia, kwa kuwa katika mchezo wa tatu mchezaji anakutana na vita kati ya watu wa Tali na mashine walizoziunda, na akiamua kuzipa mashine ushindi bila kuwapatanisha, watu wa Tali wanaangamia na Tali mwenyewe hakubali kuishi baada yao. Mpenzi uliyemwomba umepewa pamoja na taifa lake. Hapo sauti ya wengi ilisikilizwa vizuri.

Mwisho wa mchezo huohuo wa tatu, mwaka 2012, ulizua hasira kubwa kiasi kwamba nyongeza ya bure ilitolewa miezi michache baadaye ili kuufafanua. Nyongeza ile ilipunguza makelele, na ilionyesha zaidi yaliyowapata wahusika waliopendwa. Lakini ilifafanua uamuzi ambao ulikuwa umekwisha kufanywa vibaya, na maelezo ya baadaye hayawezi kufanya kazi ya sura ambayo haikuandikwa.

Mwandishi huyohuyo anauliza pia kama inafaa kusoma mwongozo kabla ya kucheza. Kwa mara ya kwanza, usiusome. Kosa lako mwenyewe ndilo litakalokupa cha kubishania. Naacha tahadhari moja tu kwa wanaoanza Three Houses upande wa Edelgard. Kabla ya mpasuko mkubwa kuna mwezi ambapo yeye huomba usindikize safari yake kwenda Enbarr, mji mkuu wa dola yake, na ombi hilo linapatikana kwa kumtafuta chuoni na kuzungumza naye. Asiyemtafuta mwezi huo hataulizwa baadaye kama anataka kusimama naye, bali atajikuta upande wa kanisa, akipigana na mwanafunzi wake mwenyewe bila kujua kwamba palikuwa na chaguo jingine. Mtafuteni.